Kutenga Tarakimu Katika Maandishi: Somo la Lugha ya C na Thamani ya Nafasi

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha hesabu katika madarasa ya chini amekutana na mtoto ambaye, akiambiwa aandike "mia tatu na tano", huandika 3005. Mtoto huyo hakukosa kwa uzembe. Amesikia "mia tatu", akaandika 300. Kisha amesikia "na tano", akaongeza 5 pembeni. Ameandika sawasawa na alivyosikia. Kosa lake limo katika jambo moja tu: hajatambua bado kwamba tarakimu si namba, na kwamba tarakimu hupata thamani yake kutokana na nafasi inamokaa.

Makala haya yanahusu kosa hilo hilo, lakini tutalitazama kupitia kompyuta. Kompyuta inapopewa maandishi yenye tarakimu ndani yake, haijui kwamba 305 ni mia tatu na tano mpaka mtu aifundishe. Naye anayeifundisha hapana budi aeleze kila hatua bila kuruka hata moja, kwa sababu mashine haina desturi ya kukisia nia ya mwalimu wake. Hapo ndipo mwalimu hugundua kama yeye mwenyewe analielewa barabara jambo ambalo kila siku huliandika ubaoni.

Madhumuni

Baada ya kusoma makala haya mwanachuo aweze:

(a) kueleza tofauti iliyopo baina ya tarakimu na namba;
(b) kueleza jinsi programu fupi ya lugha ya C inavyotenga tarakimu katika maandishi na kuzijenga kuwa namba;
(c) kuendesha somo hilo darasani kwa kadi na kamba, hata pale pasipo na kompyuta;
(d) kutambua makosa yanayotokea kwa kawaida, na kuyatumia kama mlango wa kufundishia.

Lugha ya C kwa ufupi

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Iliota kutoka lugha ya B, iliyotungwa na Ken Thompson. Mwaka 1973 kiini cha mfumo wa Unix kiliandikwa upya kwa C, na mwaka 1978 Ritchie pamoja na Brian Kernighan walitoa kitabu kilichoieneza lugha hiyo ulimwenguni. C ni lugha ya kutungia programu za mfumo, yaani zile programu ambazo huendesha mashine yenyewe na kuzibeba programu nyingine. Kwa sababu hiyo haimfichi mwandishi mambo mengi. Humwonyesha vitu jinsi vinavyokaa katika kumbukumbu ya kompyuta, na humwachia yeye kazi ya kuvipanga. Sifa hiyo huifanya iwe ngumu kidogo kwa mtu mwenye haraka, lakini huifanya iwe mwalimu mzuri kwa mtu atakaye kuelewa.

Maandishi ni shanga katika uzi

Katika C, maandishi huhifadhiwa kama mfuatano wa alama, moja baada ya nyingine, mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi. Alama hapa si herufi peke yake. Herufi ni alama, tarakimu ni alama, mkato ni alama, na hata nafasi tupu baina ya maneno ni alama. Mwishoni mwa uzi C hufunga fundo: alama maalumu isiyoonekana, ambayo katika programu huandikwa '\0'. Asomaye mfuatano huenda ushanga kwa ushanga mpaka alifikie fundo, ndipo anajua kwamba maandishi yamekwisha.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Kompyuta haihifadhi umbo la alama. Huhifadhi namba inayoiwakilisha. Katika orodha ya ASCII, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1963 na inayotumika hadi leo, herufi A kubwa ni 65, a ndogo ni 97, na tarakimu kumi zimepangwa hivi: 0 ni 48, 1 ni 49, 2 ni 50, na kuendelea hivyo hadi 9, ambayo ni 57. Basi mtu akiandika 5 ndani ya maandishi, kompyuta haihifadhi tano. Huhifadhi 53, ambayo ni namba ya alama ile tunayoiita tano.

Yafaa mwanachuo asimame hapa kidogo. Alama 5 si kiasi cha vitu vitano, kama vile neno "ng'ombe" lisivyotoa maziwa. Ni mchoro unaokubaliwa na watu kuwakilisha kiasi hicho. Tarakimu ni kumi tu, kuanzia 0 hadi 9. Namba hazina mwisho. Tarakimu ziko kwa namba kama herufi zilivyo kwa maneno.

Tutapataje basi kiasi cha tano kutoka alama 5? Kwa kuwa tarakimu zimepangwa mfululizo bila pengo, tunatoa namba ya alama 0 kutoka namba ya alama tuliyo nayo: 53 - 48 = 5. Katika C twaandika:

alama - '0'

Msomaji ataona kwamba hatukuandika 48, bali tumeandika '0' ndani ya alama za kunukuu, yaani "namba ya alama sifuri, vyovyote itakavyokuwa". Sababu ni kwamba si mashine zote zinazotumia orodha moja. Katika orodha ya EBCDIC, iliyobuniwa na kampuni ya IBM kwa mashine zake kubwa, tarakimu zinaanzia 240 na kuishia 249. Kanuni rasmi ya C, iliyopitishwa Marekani mwaka 1989, inaahidi kwamba popote pale tarakimu zitafuatana moja baada ya moja, lakini haiahidi kwamba zitaanzia 48. Aliyeandika '0' programu yake itasihi kote. Aliyeandika 48 ameifunga programu yake kwenye mashine za aina moja.

Hatua ya kwanza: bawabu mlangoni

Tuseme mwalimu mkuu amepokea taarifa hii kutoka kwa mwalimu wa darasa:

Darasa la 4B: wavulana 21, wasichana 26

Tunataka kompyuta itoe namba zilizomo. Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kuweka bawabu mlangoni. Kila alama ikipita, bawabu aulize: je, wewe ni tarakimu? Ikiwa ndiyo, iingie. Ikiwa siyo, ibaki nje. Kwa lugha ya C swali la bawabu ni hili:

alama >= '0' && alama <= '9'

Maana yake: "alama isiwe chini ya 0, na pia isiwe juu ya 9". Bawabu huyu ni mwaminifu, wala hakosei hata mara moja. Lakini tazameni anachotuletea. Zilizoingia ni 4, 2, 1, 2 na 6, nazo zikipangwa pamoja zinasomeka 42126. Shule itaagiza madaftari ya wanafunzi elfu arubaini na mbili mia moja na ishirini na sita, hali darasani mna watoto 47!

Hakuna tarakimu iliyopotea wala iliyozidi. Kilichopotea ni mipaka. Herufi B, nukta mbili, mkato na nafasi tupu, ambazo bawabu alizitupa kama takataka, ndizo zilizokuwa zikituambia namba moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Kosa hili ni jamaa wa karibu wa kosa la mtoto wetu wa 3005. Yeye pia aliunganisha tarakimu sahihi bila kujali mipaka na nafasi zake.

Hatua ya pili: karani na kanuni ya kumi

Dawa yake ni kumwongezea bawabu msaidizi, ambaye tutamwita karani. Karani ana kibao kimoja cha kuandikia. Bawabu anapoona tarakimu ya kwanza, karani huandika 0 kibaoni. Kisha kwa kila tarakimu inayoingia, karani hufuata kanuni moja tu: zidisha iliyoko kibaoni kwa kumi, kisha jumlisha tarakimu mpya. Inapotokea alama isiyo tarakimu, karani husoma kwa sauti namba iliyoko kibaoni, akafuta, akangoja nyingine.

Tumfuate karani anapopokea 305:

Tarakimu 3: kibaoni pana 0. Afanya 0 × 10 + 3. Kibaoni pana 3.
Tarakimu 0: kibaoni pana 3. Afanya 3 × 10 + 0. Kibaoni pana 30.
Tarakimu 5: kibaoni pana 30. Afanya 30 × 10 + 5. Kibaoni pana 305.

Mwanachuo atazame kwa makini mstari wa pili. Watoto wengi hudhani kwamba sifuri, kwa kuwa "si kitu", haina kazi, na hivyo yaweza kuachwa. Kweli, sifuri haikuongeza chochote katika kujumlisha. Lakini kuja kwake kumeilazimisha 3 isogee kutoka mamoja kwenda makumi, na ilipokuja 5 ikasogea tena hadi mamia. Karani akiiruka sifuri, atapata 35. Kila tarakimu inayoingia huwasukuma waliotangulia hatua moja kushoto, nako kusukuma huko ndiko kuzidisha kwa kumi. Mtoto aliyemwona karani akifanya hivyo mbele ya macho yake amekwisha kuiona thamani ya nafasi ikitenda kazi.

Programu yenyewe

Hii ndiyo programu nzima, yenye bawabu na karani wake:

#include <stdio.h>

int main(void)
{
    char mstari[] = "Darasa la 4B: wavulana 21, wasichana 26";
    int i = 0;

    while (mstari[i] != '\0') {
        if (mstari[i] >= '0' && mstari[i] <= '9') {
            int namba = 0;
            while (mstari[i] >= '0' && mstari[i] <= '9') {
                namba = namba * 10 + (mstari[i] - '0');
                i = i + 1;
            }
            printf("%d\n", namba);
        } else {
            i = i + 1;
        }
    }
    return 0;
}

Neno char lamaanisha alama, int ni namba kamili, while ni "maadamu", if ni "ikiwa", na else ni "la sivyo". Herufi i ni kidole cha msomaji, kinachoonyesha ushanga tulioufikia. Kinaanzia 0 kwa sababu C huhesabu nafasi kuanzia sifuri. While ya nje yasema: maadamu hatujafikia fundo, endelea. While ya ndani ni kazi ya karani: maadamu tarakimu zinafuatana, zidisha kwa kumi na kujumlisha. Neno printf huandika jibu katika kioo. Programu hii itatoa mistari mitatu: 4, 21 na 26.

Makosa yafaayo kufundishia

Mwalimu mzuri hafuti kosa kabla hajaliuliza limetoka wapi. Yafuatayo ni matano.

1. Kusahau kutoa '0'. Karani akijumlisha namba ya alama badala ya thamani yake, 305 itageuka kuwa 5633: kwanza 51, kisha 51 × 10 + 48 = 558, kisha 558 × 10 + 53 = 5633. Hapa mwanafunzi amechanganya alama na kiasi.

2. Mkato wa maelfu. Bei iliyoandikwa Sh. 1,250/= itatoka kama namba mbili, 1 na 250, kwa kuwa karani amefundishwa kwamba mkato ni mpaka. Katika orodha ya wanafunzi mkato ni mpaka kweli. Katika bei ni pambo la kurahisisha kusoma. Programu haiwezi kujua ni upi kati ya hayo mpaka mwandishi aamue na kuieleza.

3. Sifuri za mwanzo. Namba ya mtahiniwa 0038 itatoka kama 38. Kihesabu ni sawa, lakini mtahiniwa amepoteza jina lake katika orodha ya matokeo. Namba ya mtahiniwa, kama ilivyo namba ya simu, si kiasi: hakuna ajumlishaye namba za simu za watu wawili. Hayo ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu, na yahifadhiwe kama maandishi. Kanuni rahisi ya kuwapa wanafunzi ni hii: kama haina maana kuijumlisha, usiigeuze kuwa namba.

4. Kibao kujaa. Kibao cha karani kina ukubwa wake. Katika kompyuta nyingi za leo int hukaa katika biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoenea humo ni 2,147,483,647. Karani akilazimishwa kupita hapo, C haitoi ahadi yoyote juu ya kitakachotokea. Mwandishi makini hupima kabla ya kuzidisha.

5. Sifuri na kutokuwapo. Katika hazina ya C imo kazi iitwayo atoi, ambayo hugeuza maandishi kuwa namba. Ukiipa "0" itakujibu 0. Ukiipa "hakuna" itakujibu 0 vile vile. Mwalimu hahitaji maelezo marefu kuiona hatari yake. Mwanafunzi aliyefanya mtihani akapata sifuri, na mwanafunzi aliyekuwa hospitali siku ile, ni watu wawili wanaohitaji msaada wa namna mbili. Atakayewaandika wote 0 katika daftari la alama amewadhulumu wote wawili. Ndiyo maana waandishi wa programu huchagua kazi nyingine iitwayo strtol, ambayo pamoja na kutoa namba huonyesha pia iliishia wapi kusoma. Ikiwa haikusogea hata alama moja, tunajua kwamba namba haikuwapo.

Tuongeze neno moja kwa walimu wa pwani. Tarakimu za Kiarabu, ٠ ١ ٢ ٣ na wenzake, zinazoonekana katika nyaraka za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zina orodha yao wenyewe: katika mpango wa Unicode zinaanzia 1632 na kuishia 1641. Bawabu wetu hazitambui, naye angeziacha nje zote. Hata hivyo kanuni ya karani haibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni swali la bawabu, njia ya kuzisoma alama zake, na alama ya kutolea. Hapo twaona wazi kwamba mchoro wa tarakimu ni mapatano ya watu, na kwamba nafasi ndiyo msingi wa hesabu.

Jinsi ya kuendesha somo darasani

Somo hili lafaa darasa la tatu au la nne, kwa vipindi viwili. Zana zake ni kamba, vibanio vya nguo, kadi za karatasi ngumu na kibao kidogo. Kompyuta si lazima.

Matayarisho. Mwalimu aandike kila alama ya taarifa fupi katika kadi yake, kwa mfano "Mayai 40, kuku 6". Kadi za nafasi tupu ziwepo, zikiwa hazina maandishi. Kadi zibanwe katika kamba iliyofungwa toka ukuta hadi ukuta, na mwisho wa kamba pafungwe fundo linaloonekana na darasa zima.

Kipindi cha kwanza. Mwanafunzi mmoja awe bawabu, mwingine kidole, wa tatu karani. Kwanza wacheze bila kanuni ya kumi: bawabu akusanye tarakimu tu. Darasa litapata 406. Mwalimu asiwasahihishe. Awaulize: je, tuna mayai mangapi? Waache wabishane. Ubishi huo ndio somo.

Kipindi cha pili. Karani apewe kibao na kanuni ya kumi, darasa likariri pamoja naye: "zidisha kwa kumi, jumlisha". Wabadilishane zamu, ili wale wazito wa kusema nao washike kibao. Mwishoni mwalimu aning'inize 305, kisha amwite yule mtoto aliyeandika 3005, si kwa kumwaibisha bali awe karani. Akifika kwenye 0 mwalimu amwulize: "Tatu imekwenda wapi?" Akijibu kwamba imesogea kwenye makumi, amekwisha kujisahihisha mwenyewe, na sahihisho la namna hiyo halisahauliki upesi.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Fuata programu kwa mkono kwa maandishi "Kalamu 12, rula 7". Andika thamani ya i na ya namba katika kila hatua.
2. Karani amesahau kutoa '0' alipopokea 27. Atapata ngapi? (Jibu: 555.)
3. Badili swali la bawabu na kazi ya karani ili Sh. 1,250/= itoke kama namba moja. Kisha eleza ni taarifa za namna gani zitakazoharibika kutokana na badiliko hilo.
4. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 kuhusu kazi ya sifuri katikati ya namba, ukitumia kamba na kadi.

Hitimisho

Tumeona kwamba kutenga tarakimu katika maandishi ni kazi mbili zisizofanana: kuitambua alama, na kuipa thamani yake kwa nafasi yake. Kompyuta hushindwa pale pale anaposhindwa mtoto, isipokuwa mtoto aweza kuuliza swali nayo haiwezi. Bandu bandu huisha gogo. Mwanachuo atakayekwenda katika mazoezi ya kufundisha na akaona 3005 katika daftari la mtoto, kabla ya kuchora mkasi mwekundu, amwombe mtoto huyo amsomee alichoandika, tarakimu moja baada ya moja, kama anavyofanya karani.